Nyama ya madhabahuni ilikwenda wapi?

Wengi wanaojaribu kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja hukwama kwenye Mambo ya Walawi. Mwanzo na Kutoka zinasomeka kama hadithi, kisha ghafla unakutana na figo, mafuta ya tumbo na damu inayonyunyizwa kuzunguka madhabahu. Mimi nafundisha Agano la Kale, na sura saba za mwanzo za kitabu hiki ndizo ninazozipenda kuliko zote katika Torati. Swali la wanafunzi halibadiliki: kwa nini Mungu alitaka damu nyingi kiasi hiki? Huwaambia waiache damu kwanza, wafuate nyama. Ukishajua nani alikula nini, wapi, na kwa muda gani, sheria hizi zinaanza kueleweka.

Tuanze na kisu. Picha nyingi humwonyesha kuhani akichinja. Walawi 1 haisemi hivyo. Mtu wa kawaida aliyeleta ng'ombe wake aliweka mkono juu ya kichwa cha mnyama, akamchinja mwenyewe, akamchuna na kumkata vipande. Kuhani aliingia kazini damu ilipomwagika: yeye na wenzake ndio walioipeleka madhabahuni, wakapanga kuni, wakaweka vipande juu ya moto. Mkulima wa Yuda hakuwa mtazamaji katika ibada yake.

Katika sadaka ya kuteketezwa hakuna aliyekula chochote. Mnyama mzima alipanda kuwa moshi, na kuhani alibaki na ngozi tu. Kwa mtu anayeishi kwa mifugo, kumtoa dume asiye na kilema ni kutoa mbegu ya zizi lake. Ndiyo maana nabii Malaki aliwakemea waliokuwa wakileta vipofu na vilema, akawaambia wajaribu kumpelekea liwali mnyama wa namna hiyo waone kama atawapokea.

Lakini nyama yenyewe imo katika sadaka ya amani, na hapo nataka kukaa kidogo. Mafuta yanayofunika matumbo, figo mbili na mafuta yake, pamoja na kitambi cha ini, vilikuwa vya Bwana na viliteketezwa. Kama ni kondoo, mkia wote wa mafuta ulikatwa karibu na uti wa mgongo ukaenda motoni pia. Kondoo wa nchi ile walikuwa na mikia minene kama wengi wa kwetu. Kidari kilikuwa cha makuhani wote, na paja la kulia lilikuwa la kuhani aliyehudumu siku hiyo. Nyama iliyobaki, yaani sehemu kubwa ya mnyama, ilirudi kwa mwenye sadaka, ale na watu wake.

Sasa tazama muda. Sadaka ya shukrani ililiwa siku ile ile. Isibaki hata asubuhi. Ya nadhiri au ya hiari ililiwa siku mbili, na kilichofika siku ya tatu kilichomwa. Mtu amechinja ng'ombe, na mpaka alfajiri nyama iwe imekwisha. Hawezi kuianika wala kuificha kwa ajili ya familia yake peke yake. Itambidi aite ndugu, majirani, na maskini waliopo. Sheria haitaji wageni kwa jina, lakini saa yenyewe inawaita. Zaburi ya 22 inalionyesha hili wazi: aliyeokolewa anaahidi kuziondoa nadhiri zake, na mstari unaofuata unasema wanyonge watakula na kushiba. Msomaji asiyejua Walawi 7 anaiona hiyo kama mistari miwili isiyohusiana.

Mgawo huo hata udongo umeuhifadhi. Huko Tel Dan, kaskazini kabisa mwa Israeli, ambako mwanaakiolojia Avraham Biran alianza kuchimba mwaka 1966, kuna mabaki ya mahali pa ibada pa ufalme wa kaskazini. Mtafiti Jonathan Greer alipoichambua mifupa ya wanyama, alikuta ya viungo vya upande wa kulia imezidi katika vyumba vinavyodhaniwa kuwa vya makuhani. Katika hekalu la Wakanaani huko Lakishi, mji wa kale wa kusini, la karne kadhaa kabla, mifupa iliyopatikana karibu yote ilikuwa ya mguu wa mbele wa kulia. Kwa hiyo desturi ya kumpa kuhani upande wa kulia Israeli waliishiriki na majirani zao, na sioni sababu ya Mkristo kuogopa kusema hivyo.

Kwa mwanga huo, kosa la Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, linaonekana lilivyo. Katika 1 Samweli 2, mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu, anautumbukiza chunguni, na chochote kinachonasa ni cha kuhani. Baya zaidi, anadai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa, na mwenye sadaka akiomba asubiri, anatishiwa kunyang'anywa. Makuhani hawakuwa na urithi wa ardhi. Madhabahu ndiyo iliyowalisha, na haki yao ilipimwa kwa kiungo. Hofni na Finehasi walijihudumia mbele ya Mungu na mbele ya mwenye ng'ombe.

Sheria ya sadaka ya dhambi ilikuwa imelitazama tatizo hilo. Mtu wa kawaida akikosa bila kukusudia, alileta mbuzi jike au mwanakondoo jike, na kuhani alikula nyama ile uani mwa hema ya ibada. Lakini kuhani mkuu akikosa, au kusanyiko lote, damu ya ng'ombe iliingizwa ndani, ikanyunyizwa mara saba mbele ya pazia, na hakuna aliyeruhusiwa kuonja nyama. Ngozi, kichwa, miguu na mavi, vyote vilitolewa nje ya kambi vikachomwa. Kuhani hakuweza kushiba kwa kosa lake mwenyewe.

Damu hiyo haikupakwa mwilini mwa mkosaji. Ilipakwa kwenye pembe za madhabahu, yaani ncha zilizoinuka kwenye kona zake. Jacob Milgrom, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 2010, alijenga hoja yake hapo: kinachosafishwa ni mahali patakatifu, ambapo uchafu wa watu umepafikia. Nakubaliana naye. Walawi 16:16 inasema karibu hivyo hivyo, na mwanamke aliyejifungua anaagizwa kuleta sadaka hii hii ilhali hajamkosea mtu.

Asiye na uwezo wa kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, kama Mariamu katika Luka 2. Aliyeshindwa hata hao alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga, yapata lita mbili, bila mafuta wala ubani, naye akasamehewa. Hakuna tone la damu hapo.

Sadaka ya hatia ndiyo ningependa ihubiriwe zaidi. Walawi 6 inazungumzia mtu aliyekana amana ya mwenzake, au aliyemdhulumu, au aliyeokota kitu akaapa uongo. Anarudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Ukimdhulumu mtu shilingi 100,000, unampa 120,000, mkononi mwake yeye mwenyewe. Ndipo kondoo dume anatajwa. Kuhani hana mgao katika fedha ile, na kondoo peke yake hamalizi jambo.

Hapo ndipo hasira ya manabii inapopata maana. Hawakuwa maadui wa madhabahu, kama vitabu vingi vya zamani vilivyodai. Kutoka 22 inaagiza nguo ya maskini iliyowekwa rehani irudishwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ndiyo anayojifunika usiku. Katika Amosi 2:8 watu wamelala karibu na kila madhabahu juu ya nguo hizo hizo, wakinywa divai iliyotokana na faini. Karamu ya sadaka ya amani ilikuwa ikiliwa juu ya shuka la aliyestahili kualikwa.

Ukitaka kujaribu tena kitabu hiki, anzia sura ya 7, kisha 6, halafu rudi ya 1. Soma na kalamu, uandike kando ya kila sadaka jina la anayekula.