Kwa Nini Otieno Humtangulia Wafula Kuandika Jina Lake

Katika darasa la PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hapa Kisumu, mtoto anayeitwa Otieno ana bahati ambayo Wafula hana. Jina lake linaanza na duara, na duara huwezekana kwa watoto wengi wakiwa na miaka mitatu hivi. Wafula, maskini, anaanza na W: mistari minne ya mshazari, mkono ukishuka na kupanda bila kupumzika. Mshazari huja mkononi karibu na miaka minne na nusu, kwa wengine mitano. Basi Otieno akimaliza jina na Wafula angali anachora vilima, hakuna sababu ya kumwambia mama Wafula kwamba mwanawe ni mzito.

Mimi ni mkufunzi wa walimu wa chekechea, na jambo ninalorudia kuliko yote ni hili: mkono una mpangilio wake, nao si a-b-c-d. Mtoto huanza kuweza mstari wa kusimama, kisha wa kulala, kisha duara, msalaba, mraba, na mishazari baadaye. Pembetatu mara nyingi husubiri hadi apite miaka mitano. Mpangilio wa alfabeti tuuache kwenye wimbo, unafaa sana pale.

Irabu je? Mwalimu wa Kiswahili ataniambia tunaanza na a, e, i, o, u kwa sababu silabi zote hujengwa juu yake: ba, be, bi, bo, bu. Ni kweli, kwa kusoma na kutamka. Ila kuandika si lazima kufuate nyuma ya kusoma hatua kwa hatua. Herufi a ni ngumu: unaanzia kulia juu, unazunguka kwenda kushoto, unafunga, kisha unashuka bila kunyanyua penseli. Mtoto anaweza kuisoma Januari na kuiandika vizuri miezi mingi baadaye, na hakuna kilichoharibika. Mimi huanza na l, i, t na u. Halafu o na c. Mkono ukishazoea kuzunguka kama wa c, herufi a, d na g zinakuja karibu zenyewe. Kisha r, n, m, h, b na p, ambazo zote hushuka kwanza ndipo zirudi juu na kupinda. K, v, w, y na z nazipeleka mwisho. Q na x zitasubiri Kiingereza.

Utaona nimezipanga kwa mwendo, si kwa sura. Chukua b na d. Kikombe kikielekeza mpini kushoto au kulia ni kikombe kilekile, na ubongo wa mtoto umejifunza hivyo tangu utotoni. Kisha sisi tunamletea kitu ambacho kikigeuzwa tu kinabadilika jina! Ndiyo maana watoto wengi huandika herufi kinyume hadi miaka sita au saba, na huo si ugonjwa. Ninachofanya ni kuzifundisha mbali mbali, wiki kadhaa kati yake, kila moja na mwanzo wake. Herufi b huanza kwa mti unaoshuka. Herufi d huanza kwa c. Mtoto akijua anapoanzia, hahitaji kukumbuka tumbo linatazama wapi.

Hapa ndipo ninapokosana na karatasi za nukta, zile ambazo mtoto huunganisha vidoti mpaka herufi itokee. Mzazi akiiona jioni anafurahi, herufi imenyooka. Lakini keti karibu na mtoto umtazame: anaanzia chini, anarukia katikati, anarudi juu. Amepaka rangi juu ya nukta, hajaandika. Mwaka 2012, Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka mitano ambao hawakuwa wamejua kusoma. Walipoonyeshwa herufi huku ubongo wao ukipigwa picha, sehemu zinazotumika katika kusoma ziliitikia zaidi zile walizoziandika wenyewe bila kufuatisha. Zilizofuatishwa kwa mstari au kuchapwa kwa kibodi hazikuleta matokeo hayo. Herufi iliyopinda ya mtoto mwenyewe ina kazi kubwa kuliko nzuri ya nukta. Nukta moja naikubali: ile ya kuonyesha pa kuanzia.

Na kabla ya penseli, vidole. Kati ya mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono, kadhaa bado ni gegedu laini kwa mtoto wa miaka minne. Nguvu hazitoki kwenye daftari. Mpe mahindi apukuchue, achambue omena na maharagwe, afinyange ng'ombe kwa udongo (ule mweusi wa tambarare ya Kano, karibu na Kisumu, hunata vizuri ajabu), aanike nguo ndogo kwa vibanio. Chaki ivunje vipande vifupi kama ncha ya kidole chako. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kwa hiyo vidole vitatu hujipanga bila wewe kugombeza. Miguu nayo ikanyage kitu. Mtoto anayening'inia kwenye benchi la wakubwa hutumia nguvu zake kutoanguka.

Nyumbani, tafadhali msimshike mkono mkaandika kwa mkono wake. Andika wewe polepole, ukisema unakokwenda: "chini, juu, pinda". Kisha yeye aandike hewani, kwenye mchanga, mwishowe kwenye karatasi. Dakika tano zatosha. Na ukitaja herufi, kubalianeni na mwalimu mnatumia lugha gani, maana mtoto akiambiwa "i" na nyanya kwa Kiswahili na "i" na kaka yake kwa Kiingereza, wa pili anamaanisha e.

Wanaotumia mkono wa kushoto ni karibu mmoja kati ya kumi. Nyanya watasema abadilishwe. Waambieni kwa heshima kwamba hapana. Aketi mwisho wa benchi upande wa kushoto asigongane viwiko na jirani, juu ya karatasi ielekezwe kulia, na penseli aishike juu kidogo kuliko wengine ili aone anachoandika.

Mtoto aliyetimiza miaka sita na bado hawezi kuiga msalaba au duara, au anayelia kila penseli inapotajwa, apelekwe kituo cha EARC kilicho karibu, yaani kituo cha kupima mahitaji ya watoto kielimu. Bebeni daftari lake la kawaida, lenye fujo zake, wala msimwandikie jipya kwa ajili ya safari hiyo.