Je, wajua ni kwa nini Richard II wa Uingereza alivuliwa taji?

Septemba 1398, huko Coventry, wanaume wawili waliovaa deraya walipanda farasi, mikuki mkononi, tayari kupigana. Henry Bolingbroke, mtoto wa baba mdogo wa mfalme, alikuwa amemshtaki Thomas Mowbray kwa uhaini. Kabla mkuki haujagusa ngao, Mfalme Richard II akasimamisha pambano. Mowbray akafukuzwa nchini maisha, Bolingbroke miaka 10.

Richard hakuwa mwoga. Alitawazwa 1377 akiwa na miaka 10, na mwaka 1381, raia walipoasi kwa sababu ya kodi ya kichwa, aliwakabili pale Smithfield akiwa kijana wa miaka 14 tu, wakati kiongozi wao Wat Tyler ameshapigwa upanga. Lakini alikuwa mtu wa kinyongo. Mwaka 1388 makabaila walilitumia Bunge kuwaua wasiri wake. Akanyamaza miaka tisa, kisha akalipiza: mkuu wa Arundel alikatwa kichwa, na mkuu wa Gloucester, baba yake mdogo mwingine, akafia kizuizini Calais.

Hata hapo hakuanguka. Waliobaki waliweza kujiambia kwamba wale walikuwa maadui zake, sisi hatumo.

Februari 1399 akafariki John wa Gaunt, baba yake Bolingbroke, tajiri kuliko makabaila wote. Richard alikuwa ameshatoa hati ya kumruhusu Bolingbroke apokee mirathi kupitia mawakili wake. Akaifuta hati, akachukua ardhi na ngome zote. Kwangu mimi, taji lilimponyoka siku hiyo. Kila kabaila alikalia ardhi ya baba yake kwa sheria ileile ya urithi. Ikiwa mtoto wa Gaunt ananyang'anywa, nani amesalimika?

Richard akaenda Ireland na jeshi. Julai Bolingbroke akatia nanga Ravenspur, pwani ya Uingereza, akitangaza kwamba amefuata haki yake tu, na makabaila wa kaskazini wakamiminika kwake. Mfalme aliporudi, jeshi lake lilisambaratika. Akakamatwa Wales, na tarehe 30 Septemba Bolingbroke akaketi kwenye kiti chake kama Henry IV.

Februari 1400 Richard alikuwa maiti katika ngome ya Pontefract, akiwa na miaka 33. Inaaminika alinyimwa chakula. Mwili wake ulipelekwa London uso ukiwa wazi, watu waone kwamba amekufa kweli.