Wakazi wa mitaa ya mabanda hawajaipa siasa kisogo

Wengi huamini kuwa mkazi wa mtaa wa mabanda hana habari na siasa, labda anunuliwe kura. Si kweli. Nchini India, maskini wamekuwa wakipiga kura kwa wingi sawa na wenye nacho, pengine kuwazidi. Na kura ni sehemu ndogo tu. Maji hayatoki, taa za njia hakuna: wakazi huandika barua, saini huku, alama za dole gumba kule, kisha wajumbe huipeleka kwa diwani, hata kama uchaguzi uko mbali. Zawadi za kampeni hupokelewa, ndiyo (nani akatae?), lakini kura ni siri, na aliyepokea hajafungwa kumchagua aliyempa.