Msiwasingizie wanasiasa peke yao

Juzi asubuhi redioni mgeni wa kipindi aliulizwa kuhusu uchaguzi wa Kenya wa 2027, naye akaitoa ile sentensi bila hata kumeza mate: "Sisi wananchi hatuna shida. Ni wanasiasa wanaotugombanisha." Mtangazaji akaitikia, wasikilizaji wakapiga simu kuunga mkono, mimi nikazima redio. Sentensi hiyo naisikia kanisani, kwenye kamati za amani na kwenye semina za uwiano zenye chai na mandazi. Naisikia hata kwa wanasiasa wenyewe, ila wao humaanisha wale wa upande wa pili.

Kazi yangu ni migogoro ya ardhi na siasa za Bonde la Ufa. Nasoma majalada na ripoti za tume, halafu naenda kukaa na watu waliotajwa humo, au watoto wao. Na nimechoka. Sentensi hiyo ina ukweli wa kutosha kumfanya aliyeisema ajione mwerevu, na uongo wa kutosha kutufikisha uchaguzi mwingine tukiwa palepale.

Kuna dai jingine, la wageni zaidi, kwamba makabila yetu yanachukiana tangu enzi za mababu. Nalipita haraka. Kalenjin, Luhya na Mijikenda kama majina ya jamii moja moja kubwa yalienea katika miaka ya 1930 na 1940. Mnandi wa mwaka 1890 hakujua kwamba yeye ni Mkalenjin, sembuse kumchukia Mkikuyu ambaye hajamwona maisha yake yote. Tuendelee.

Shida inaanzia kwenye ardhi, na hapa naomba subira kwa sababu ndipo watu hupenda kuruka. Wakoloni walitwaa nyanda za juu kwa sheria za 1902 na 1915, wakawapa walowezi. Uhuru ulipokaribia, mashamba hayo hayakurudishwa kwa waliofukuzwa, yaliuzwa. Mpango wa Ekari Milioni ulioanza 1962 ulitumia mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia kuwanunua walowezi, kisha Mwafrika akauziwa kwa mkopo ambao ilimbidi aulipe. Baadaye zikaja kampuni na vyama vya ushirika vya kununua mashamba, wanachama wakichanga shilingi zao kidogo kidogo. Walioweza kujipanga na kuwa karibu na serikali ya rais wa kwanza, Mzee Kenyatta, walipata zaidi, na wengi wao walitoka Mkoa wa Kati. Lakini wengi wa hao hawakuwa matajiri. Walikuwa maskwota, watu waliopoteza mashamba yao kwa walowezi au wakati wa Hali ya Hatari, ile ya vita vya Mau Mau.

Kwa hiyo una majirani wawili. Mmoja ana risiti, amelipa mkopo kwa jasho na amezika wazazi wake pale. Mwingine ana habari za babu yake aliyeswagwa na ng'ombe wake kutoka kilima kilekile, na anajua hakuna aliyewahi kumuuliza kabla shamba halijauzwa. Wote wawili wanasema kweli. Hakuna mwanasiasa aliyehitajika kuwadanganya. Ukimwambia yule wa pili kwamba hana shida na amechochewa tu, umemtukana, na atakuchekea kwa adabu kisha arudi kwake na kinyongo chake kikiwa kimeongezeka kidogo.

Mfano ninaoupenda, na ambao kwenye semina huwa unaharibu hali ya hewa, ni wa Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, huko Nandi. Mwaka 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, akidai kwamba ardhi yote ya Nandi ni ya Wanandi. Serikali ikamshtaki kwa uchochezi na akatozwa faini. Ukisoma azimio hilo leo, nywele zinasimama, maana unajua maneno ya aina hiyo yaliishia wapi. Sasa nenda Oktoba 1975. Mbunge Martin Shikuku anasema bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama walivyokiua chama tawala, KANU. Wabunge wanadai athibitishe. Aliyekalia kiti ni Naibu Spika Seroney, naye anaamua kwamba lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye polisi wakaingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili, nao wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Haya, tumweke wapi? Mkabila au shujaa wa demokrasia? Vitabu vya shule humkwepa au hutaja nusu moja. Mimi naona ni mtu mmoja mwenye hoja moja: kwamba serikali inagawa mali ya umma kwa upendeleo na haitaki kuulizwa. Mwaka 1969 hoja hiyo ilivaa nguo za kabila, mwaka 1975 ikavaa za Katiba. Hicho ndicho kinachonikera kwa wanaotaka kutenganisha chuki na upinzani kama pumba na mchele. Katika majalada yangu vimelala ukurasa mmoja.

Sasa wanasiasa. Nakubali, tena bila kulazimishwa. Septemba 1991, madai ya vyama vingi yalipopamba moto, vigogo wa KANU walifanya mkutano Kapsabet wakahubiri majimbo, yaani kila eneo liwe la wenyeji wake. Tarehe 29 Oktoba mapigano yakaanza katika shamba la Miteitei, huko huko Tinderet. Sheria ya uchaguzi wa 1992 ilimtaka mshindi wa urais apate asilimia 25 ya kura katika angalau mikoa mitano kati ya minane, na mtu aliyefukuzwa shambani hapigi kura kwenye kituo alichojiandikisha. Rais Moi wa KANU alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Hesabu ilikuwa hesabu. Lakini mwanasiasa ni kama dalali wa viwanja: hakukiumba kiwanja, alijua tu nani anauza na nani ana njaa ya kununua. Dalali huyohuyo akienda mahali pasipo na kiwanja atarudi mikono mitupu.

Na si kila chuki inatokana na ardhi, jambo ambalo sisi wa majalada husahau kwa sababu majalada yetu ni ya ardhi. Yale matusi ya tohara, kwamba Mjaluo hawezi kuongoza nchi kwa kuwa hajatahiriwa, hayana shamba ndani yake. Hayana malalamiko yoyote. Ni dharau tupu, na haikutungwa jukwaani. Ilisemwa mezani nyumbani, kwa kicheko, mbele ya watoto, na watu ambao Jumapili ni wazee wa kanisa. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, kuna wanaume waliotahiriwa kwa nguvu kwa panga kwa sababu ya mzaha huo. Mwanasiasa aliukuta umeshaiva. Upande wa pili, ile hesabu ya kampeni ya 2007, makabila 41 dhidi ya moja, yaani wengine wote dhidi ya Wakikuyu, iliimbwa na watu waliokuwa na furaha kweli kuiimba. Tusiwafanye kondoo.

Kitu kingine ambacho "wanasiasa wametugombanisha" hakielezi ni nani anayepigwa. Kinyongo kina macho mabovu, hakimpigi mkosaji, humpiga aliye karibu. Kericho ndiyo mfano mchungu zaidi. Waliofukuzwa ili chai ipandwe, Wakipsigis na ukoo wa Talai, waliondolewa na serikali ya kikoloni, na ardhi ikaishia kwa kampuni kubwa. Lakini baada ya uchaguzi wa 2007, waliovamiwa ndani ya shamba la chai walikuwa wachuma chai na familia zao, watu wa makabila mengine wanaoishi kwenye nyumba za kampuni, ambao hawamiliki hata mche mmoja. Waathiriwa walipoishtaki Unilever, kampuni mama, mjini London, kesi yao ilikwama katika mahakama ya rufaa mwaka 2018. Naivasha nako, tarehe 27 Januari 2008, watu 19 waliteketezwa katika nyumba moja. Hapo hapakuwa na ardhi ya babu ya kugombewa. Wengi wa waliofukuzwa mjini humo walikuwa wapangaji na vibarua.

Halafu kuna hili ambalo karibu kila mtu hulisahau. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133. Kati yake, 405 vilitokana na risasi, na risasi hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za polisi. Zaidi ya theluthi moja! Kisumu waliokufa wengi walipigwa risasi, hawakukatwa panga na jirani. Ukiita yote hayo "vita vya kikabila" umemfutia polisi jina lake kwenye orodha. Ukisema "wananchi waligombanishwa" umemfutia tena. Hakuna jirani aliyegombana na mtu kwa bunduki ya G3.

Sasa nifike mahali panaponinyima usingizi, maana mtu mjanja atakuwa ameshaliona pengo. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, wote wakiwa na kesi ya ghasia hizo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, waliungana. Bonde la Ufa likatulia. Hakuna shamba lililorudishwa, hakuna risiti iliyochanwa, hakuna mzee aliyefutiwa kumbukumbu, na bado watu waliochomeana nyumba miaka mitano nyuma walipigia kura tiketi moja. Hilo linampa hoja yule mgeni wa redioni, tena hoja nzito. Viongozi wawili walipeana mikono na kinyongo cha nusu karne kikanyamaza.

Nimejaribu kulijibu. Nasema kunyamaza si kuisha. Nasema kesi ya The Hague iliwapa watu wa pande mbili adui mmoja wa nje. Nasema wengi waliochomwa hawakurudi, kwa hiyo katika baadhi ya mashamba amani ilikuwa ya kutokuwepo. Majibu yote matatu yana kitu ndani yake, na hakuna hata moja linaloniridhisha. Kama kinyongo kinaweza kuzimwa kwa kupeana mikono jukwaani, basi pengine nakipa uzito kuliko kilivyo. Sijui. Wenzangu wengine katika fani hii wana uhakika zaidi, na huwa nawaonea wivu kidogo.

Shaka nyingine ni ya kazi yenyewe. Watu wa Burnt Forest na Molo, sehemu za Bonde la Ufa zilizokumbwa na ghasia, wamehojiwa na tume za serikali, mashirika, waandishi, wapelelezi wa The Hague na wanafunzi wa shahada. Wamejifunza tunachotaka kusikia. Nikiuliza kwa nini yalitokea, napewa "dhuluma za kihistoria" kwa maneno yaleyale ya ripoti, kama shairi. Au napewa "ni wanasiasa", ambalo ni jibu salama kuliko yote, kwa sababu aliyeshika kiberiti na aliyechomewa wanaweza kulisema pamoja wakiwa wamekaa benchi moja. Huenda ndiyo maana halisi ya sentensi hiyo: mkataba wa majirani wa kutotajana. Nikiifikiria hivyo naiheshimu kidogo. Lakini basi tuiite mkataba, tusiiite maelezo.

Ndugu zangu wa Tanzania walikuwa wakituambia tumeumia kwa kumkosa Nyerere. Tangu maandamano na mauaji yaliyoanza siku ya uchaguzi wao, 29 Oktoba 2025, sauti hiyo imepungua, na sisemi hivyo kwa kufurahia. Inaonyesha tu kwamba nchi inaweza kukosa ukabila wa aina yetu na bado watu wakawa na hasira na serikali yao.

Nasi tukawa na Juni 2024, maandamano dhidi ya kodi za Mswada wa Fedha. Vijana wakasema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, na Eldoret ikaandamana dhidi ya rais wa kwao, Ruto. Tarehe 25 wakaingia Bungeni, kesho yake Rais akakataa kutia saini Mswada wa Fedha. Watu wapatao 60 waliuawa katika maandamano ya miezi hiyo. Mara semina zikatangaza kwamba ukabila umekufa. Taratibu, jamani. Kodi ya mkate inamgusa kila mtu sawasawa, hatimiliki haimgusi kila mtu sawasawa. Kijana aliyeandamana Nairobi mwezi Juni huenda mashambani Desemba, na huko babu bado anaonyesha mpaka kwa fimbo.

Jibu la serikali ndilo lililonifanya nicheke. Mwezi Julai Rais alidai kwamba Ford Foundation, wakfu wa Kimarekani, ndiyo inayofadhili fujo. Watu walewale ambao wangekasirika sana kusikia hivyo, kwa haki kabisa, ndio wanaoniambia kuhusu Bonde la Ufa kwamba wananchi hawana shida, wamechochewa. Ni sentensi moja. Zote mbili zinasema Mkenya wa kawaida hawezi kukasirika kwa akili yake mwenyewe, lazima kuna aliyemtuma. Ukikataa moja, ikatae na nyingine.

Na kama unataka kinyongo kibichi, kisicho na mchochezi, nenda Kisii. Mwaka 2008 serikali iliendesha Operesheni Rudi Nyumbani ya kuwarudisha waliofukuzwa na ghasia, ikatoa shilingi 10,000 kwa kaya na 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Waliokuwa kambini walionekana, wakahesabiwa. Waliokimbilia kwa jamaa zao, kama wale wa Kisii, wakalala jikoni kwa shemeji na kuanza upya kimyakimya, waliachwa nje miaka mingi, na kuna wasiopata chochote mpaka leo. Wanajua jina la kijiji walikotoka, wanajua ni kina nani waliolipwa na ni wa kabila gani. Vijana wao wanajua pia. Hakuna mkutano wa hadhara uliowafundisha.