Maji ya Rejeta Yakipungua, Yanapotelea Wapi?

Injini nyingi zinazokufa kwa kuchemsha hazikuanza kuchemsha siku zilipokufa. Ukimuuliza mwenye gari vizuri anakwambia mwenyewe kwamba tangu miezi miwili nyuma alikuwa anaongeza maji kidogo kila baada ya siku kadhaa, nusu chupa tu, ameshazoea, gari yangu inakunywa maji kidogo lakini haina shida. Sisi tunaofundisha ufundi magari chuoni tunaisikia sana hii kauli na inatuumiza, maana unakuta injini nzima imeondoka kwa sababu ya mpira au klipu ambayo ingebadilishwa kwa hela ndogo kabisa.

Jambo la kushika ni hili: mfumo wa kupooza injini umefungwa. Maji yanatoka kwenye rejeta, yanasukumwa na wota pampu yanapita ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, na silinda hedi, kichwa chake cha juu, yanabeba joto, yanarudi kwenye rejeta kupoa, basi, ni hayo hayo kila siku. Injini haiyali kama inavyoweza kula oili kidogo. Kwenye kitenki cha akiba yanapanda injini ikiwa ya moto na kushuka ikipoa, hiyo ni kawaida, lakini ukiangalia asubuhi injini imelala baridi, gari ipo sehemu tambarare, yanatakiwa yawe kati ya alama ya juu na ya chini, na wiki ijayo uyakute palepale. Yakishuka wiki hadi wiki kuna mahali yanatokea, na kazi yako siyo kuongeza tu, ni kupatafuta.

Na kwa nini tundu dogo lilete balaa kubwa? Watu wengi hawajui kwamba rejeta inafanya kazi kwa presha. Angalia kifuniko cha rejeta kimeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha kinayoishikilia, na presha hiyo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 mpaka yakaribie 120. Sasa ikiwa presha inavuja, au raba ya kifuniko imekufa, ile akiba yote ya joto imepotea. Ukiwa Dar unachemsha kwenye 100, ukiwa Njombe ambako uko juu karibu mita 2,000 maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi kama 93 hivi, wakati injini yenyewe inafanya kazi kwenye 85 mpaka 95, kwa hiyo mtu anatoka Dar gari haina tatizo lolote, akianza kupanda mlima Kitonga kule Iringa na mzigo, AC imewashwa, ndo anaona moshi kwenye boneti. Kwa hiyo kifuniko usikidharau, ni kitu cha bei rahisi na kinasababisha mengi. Ukikuta asubuhi mpira mkubwa wa rejeta umenyonyeka umekuwa bapa, ujue hata kile kivalvu kidogo cha kurudisha maji kutoka kwenye kitenki hakifunguki tena, badilisha kifuniko, ila nunua chenye namba ileile ya gari yako.

Sasa tunatafutaje. Anza kwa macho, injini ikiwa baridi, una tochi. Kulanti, yaani yale maji ya rangi ya rejeta, ikivuja na kukauka inaacha alama, unga unga wa rangi yake, pinki au kijani au bluu, na wakati mwingine mweupe kama umetumia maji ya bomba. Pita kwenye mipira yote miwili mikubwa na ile midogo ya hita, minya kwa vidole, ukisikia imelainika sana au inapasuka pasuka kwa ndani imeshazeeka. Angalia sehemu mpira unapoingia, chini ya klipu. Halafu rejeta yenyewe, nyingi za siku hizi katikati ni aluminiamu na juu na chini ni plastiki, pale plastiki inapobanwa na aluminiamu ndo panaanza kutoa jasho, na plastiki ikishageuka rangi ya kahawia inakuwa inavunjika kama biskuti.

Wota pampu ina kitundu chake kidogo kwa chini, kimewekwa makusudi kiwandani, sili ya ndani ikianza kufa maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Fundi asiyejua anaweza akataka kukiziba, usikubali. Mulika hapo na tochi, ukiona mstari wa rangi uliokauka unashuka kutoka kwenye hicho kitundu kwenda chini kwenye bloku, pampu inaaga, hata kama leo haidondoshi tone, maana nyingi zinavuja injini ikiwa ya moto tu na tone linakaukia hapohapo kwenye chuma bila kufika chini.

Usiku tandaza boksi la katoni chini ya injini, asubuhi utaona. Kama ulikuwa umewasha AC, maji yanayodondoka hayana rangi wala harufu, hayo ni ya AC na ni kawaida, usihangaike. Ya rejeta yana rangi, yanateleza kwenye vidole na yana harufu ya utamu utamu. Usiyaonje hata kidogo.

Kama nje ni kukavu kabisa na bado yanapungua, geukia ndani. Zulia la abiria wa mbele limelowa na kioo kinafanya ukungu wenye ile harufu ya utamu, hiyo ni rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi. Moshi mweupe mzito kwenye ekzosi usioisha hata injini ikishapata moto, mapovu yanayopanda kwenye rejeta injini ikiwa inaunguruma, mpira wa rejeta ambao ni mgumu asubuhi kabla hata hujawasha gari, oili iliyogeuka kama chai ya maziwa, hizo zinakupeleka kwenye gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, kwamba imekufa. Hapo usiendelee kuendesha. Karakana nzuri ina pampu ya kupimia presha, inafungwa kwenye mdomo wa rejeta, inajazwa kufikia namba ya kifuniko, inaachwa kama robo saa na mshale ukishuka kuna uvujaji, na kuna dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini ndani ya rejeta. Dai vipimo hivyo kabla hujakubali hedi ifunguliwe, maana kufungua hedi ni gharama na kuna wanaofunguliwa bila sababu.

Geji nayo isikudanganye. Sensa ya joto inatakiwa iwe imezama kwenye maji, maji yakiisha kabisa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka ukaonekana wa kawaida huku hedi ya aluminiamu inapinda. Ukiona mshale ulipanda juu halafu ghafla umeshuka, au hita iliyokuwa inatoa joto ghafla inapuliza baridi, simama. Na magari madogo mengi ya siku hizi kama Passo hayana mshale, yana taa tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto, ile nyekundu ikiwaka siyo ya kusema nifike kwanza nyumbani.

Ukichemsha njiani: zima AC, fungulia hita mpaka mwisho, egesha pembeni salama, zima injini. Halafu usiguse kifuniko. Narudia usiguse, maji ya 110 yakipata upenyo yanalipuka kuwa mvuke na kuna watu wamebaki na makovu ya uso mzima. Subiri nusu saa au zaidi mpaka mpira wa juu uushike kwa mkono bila kuungua na ukiuminya uwe laini, weka kitambaa kinene, zungusha kidogo, acha ipumue, ndo ufungue. Ongeza taratibu, usimwage maji ya baridi mengi kwenye chuma cha moto, hedi inapasuka. Ukishajaza, washa gari na hita ikiwa wazi, kifuniko kikiwa kimetolewa, acha mapovu ya hewa yaishe, ongeza tena, funga.

Maji ya kawaida ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Pwani watu wanatumia maji ya kisima yenye chumvi, hayo yanakula aluminiamu na kujenga ukoko ndani ya rejeta. Kulanti hapa kwetu hatuihitaji kwa ajili ya barafu, tunaihitaji kwa sababu inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kama ni ile nzito ambayo haijachanganywa na maji, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na rangi usichanganye changanye, fuata kitabu cha gari. Maji hayo yaliyosafishwa ndo yale yanayouzwa kama maji ya betri, ukinunua kuwa makini usipewe asidi. Manjano, yai, na zile dawa ambazo watu wanatia kwenye rejeta ili kuziba tundu, zinaziba pia njia nyembamba za rejeta na hita, sizishauri.

Kuna hili pia la kutoa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, gari ikichemsha tu fundi anaitoa na kuitupa. Injini sasa inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi, inachakaa, na uvujaji uko palepale. Kama imekufa ifungwe mpya, na uombe uione ya zamani.

Kulanti ya zamani mwambie fundi akinge kwenye beseni na kuitia kwenye dumu lenye kifuniko, isimwagwe uani. Ni sumu inayoua figo na ina utamu, mtoto au mbwa anaweza kuinywa. Mtoto akiinywa mkimbize hospitali saa hiyohiyo hata kama anacheza na haonyeshi dalili, na beba chupa yake daktari aione.