Champaran haikuwa imelala kabla ya Gandhi

Tumezoea kusimuliwa kwamba wakulima wa wilaya ya Champaran, jimboni Bihar nchini India, walijiinamia kimya mpaka Gandhi alipofika mwaka 1917 kuwaamsha. Sivyo. Walishakataa kulima nili, mmea wa kutoa rangi ya buluu, mwaka 1867, na tena mwaka 1907 na 1908.

Shida yao iliitwa tinkathia. Bigha na katha ni vipimo vya ardhi, na bigha moja ya shamba ina katha 20; katika hizo, mkulima alilazimika kupanda nili kwenye katha 3 kwa faida ya mlowezi wa Kizungu. Rangi ya viwandani kutoka Ujerumani ilipoua soko la nili, walowezi wakaja na jingine: ukitaka kuachiwa sharti hilo, lipa, au kodi yako ipande.

Aliyemleta Gandhi ni mkulima, Raj Kumar Shukla, na inaniuma jina lake linapoachwa. Alimfuata kwenye mkutano wa chama cha Congress mjini Lucknow, Desemba 1916, akamng'ang'ania mpaka akakubali. Gandhi mwenyewe aliandika kwamba hata jina la Champaran hakuwa akilijua.

Alipofika, yeye na wenzake waliandika maelezo ya wakulima, maelfu kwa maelfu. Serikali ikaunda tume, na sheria ya 1918 ikafuta tinkathia.