Mpira ukienda kushoto, usikimbilie gripu nene

Ushauri uliozoeleka kwa anayecheza gofu kwa mkono wa kulia: ukivuta mpira kushoto, weka gripu (kishikio cha fimbo) nene ili vifundo vya mikono vitulie. Tatizo ni kwamba athari hiyo haitabiriki. Gripu nene kupita kiasi humfanya mchezaji aikabe fimbo ili isimponyoke, na mikono iliyokakamaa huupeleka mpira popote. Na jasho la Dar es Salaam, ukiwa kwenye viwanja vya gofu vya Lugalo au Gymkhana, huzidisha kukaba huko. Mara nyingi gripu iliyochakaa na kuteleza ndiyo mkosaji, wala si unene.

Pima hivi. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto, kawaida, bila kubana. Ncha za vidole viwili vya kati ziguse kidogo nyama ya chini ya dole gumba. Zikichimba, gripu ni nyembamba. Pakiwa na mwanya, ni nene. Urefu wa kiganja peke yake haukati mjadala, kwa kuwa wenye viganja sawa huweza kuwa na vidole tofauti.

Kabla ya kununua saizi ya kati (midsize), ambayo huwa na unene wa ziada wa milimita 1.6 hivi, ongeza masking tepu (utepe wa karatasi wenye gundi) chini ya gripu ya kawaida. Mzunguko mmoja kamili huongeza takriban milimita 0.4. Jaribu kwenye fimbo moja tu kwanza, maana gripu iliyovalishwa haitoki kirahisi bila kukatwa. Angalia uzito pia: gramu 5 za ziada mikononi hufanya kichwa cha fimbo kihisike chepesi.